Mechi ya mwisho kwenye nyasi za buluu

Boise, Idaho, Marekani, Jumanne, Desemba 20, 2022, usiku

Vidole vya miguu ndiyo kwanza vinaanza kupata uhai. Nimeviloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, daftari liko mapajani. Mwanangu amelala zamani, na kofia ya sufu hajaivua.

Leo tulikwenda uwanjani, mimi na yeye, kuangalia Famous Idaho Potato Bowl, boli ya viazi vya Idaho, mechi ya mpira wa Kimarekani ya timu za vyuo vikuu: Eastern Michigan na San José State. Tiketi alitupa kaka mmoja wa kanisani aliyepangiwa zamu kazini ghafla. Nina miaka sita katika mji huu, basi la kazini linanipitisha pembeni ya uwanja ule kila siku, na sikuwahi kuingia. Wala leo sikwenda kwa mapenzi ya mchezo. Kuna fomu hapa mezani, ya kumruhusu mwanangu acheze mpira huu wa Kimarekani shuleni mwakani, na wiki ya tatu sasa haina saini yangu. Nilitaka kwanza nijionee kwa macho yangu kinachomvuta mtoto hivyo.

Nyasi za uwanja wa Boise ni za buluu. Si mistari, ni nyasi zenyewe, za bandia, na zimekuwa hivyo tangu mwaka 1986. Tulikaa juu kabisa, na mimi mtoto wa mji wa Baraka, Kongo, niliona ziwa. Tanganyika siku isiyo na upepo, na juu yake vijana wanakimbizana bila kuzama. Nilitazama rangi ile kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuutazama mpira.

Mwanangu alinieleza taratibu, sauti ya upole kama ya mwalimu wa chekechea. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, ikishindwa unakwenda kwa wapinzani. Mechi hizi za boli huchezwa msimu ukishakwisha, na kwa kawaida timu inatakiwa iwe imeshinda mechi 6 ndipo ialikwe. Ziko zaidi ya 40 nchi nzima. Nikamuuliza anayeshinda leo anasonga mbele wapi. Akasema hasongi popote, huu ndio mwisho wa msimu wao. Akaniambia pia kwamba boli hii ya kwetu ilipoanza mwaka 1997 iliitwa Humanitarian Bowl, jina la viazi lilikuja 2011. Neno lile la zamani, la misaada ya kibinadamu, lilinishtua. Mimi nalijua kutoka kwenye malori yaliyoleta mgao Nyarugusu, kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania: unga, mafuta, chumvi. Sikutegemea kulikuta kwenye mpira.

Kuna jambo jingine alinisimulia wakati wa mapumziko, chai ya chupa ikiwa imeshapoa. Jaylon Smith, mchezaji wa chuo cha Notre Dame, aliumia goti vibaya sana kwenye Fiesta Bowl ya Januari 1, 2016, wakati kila mtu alikuwa anajua anaelekea NFL, ligi ya kulipwa. Mwisho wa mwaka huo huo wachezaji wengine wa vyuo, Christian McCaffrey na Leonard Fournette, wakaamua kutocheza boli za timu zao, walinde miili yao. Tangu hapo wengi wanaotazamiwa kuwa na pesa mbele hufanya hivyo. Nikamwambia hao walikuwa na akili. Mimi ni mama, goti la mtu nalifikiria kama goti la mwanangu.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama, wale wana pa kwenda. Hawa wengi wao leo ndiyo basi."

Ndiyo basi. Kuanzia hapo sikuweza tena kuitazama mechi kama nilivyokuwa nikiitazama.

San José State ndio walioanza vizuri, 13–0, nikaona imekwisha. Kumbe Eastern Michigan walikuwa ndiyo wanaamka. Walifunga pointi 33 mfululizo, wapinzani hawakuambulia hata moja. Mwisho ukawa 41–27. Chuo chao kiko Ypsilanti, Michigan, na mara ya mwisho kushinda boli ilikuwa mwaka 1987, dhidi ya San José State hao hao. Miaka 35! Mimi mwaka huo nilikuwa sijazaliwa. Palikuwa na wazee wamevaa kijani safu ya mbele yetu, wamesafiri kote huko, na mmoja wao kipenga cha mwisho kilipolia hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kisha wachezaji wakammwagia kocha wao, Chris Creighton, ndoo ya chipsi. Kwingine humwaga kinywaji baridi. Hapa ni nchi ya viazi, wanamwaga chipsi. Watu walifurahi sana, mwanangu naye. Mimi moyo ulinishika kidogo. Niliyekaa foleni tangu alfajiri kwa kopo la unga siwezi kuona chakula chini nikaona ni kitu kidogo, na sitaki nifike mahali pa kuweza.

Ila nilichotoka nacho uwanjani ni kijana mmoja wa San José State, mkubwa wa mwili, aliyebaki pembeni ya mstari wenzake wakienda kupeana mikono. Tulikuwa tumeshuka karibu na uzio, nilimwona vizuri. Alipiga magoti, akaanza kufungua bandeji ya kifundo cha mkono. Aliifungua polepole, anaikunja mkunjo kwa mkunjo kama mtu anayekunja kitenge cha kutokea, mpaka ikawa donge dogo kiganjani. Akalitazama. Halafu akaikunjua yote, akaifunga mkononi upya, akakaza kwa meno, ndipo akasimama. Timu yao msimu huu ilimzika mwenzao, kijana wa miaka 18, mwaka wa kwanza, aliyegongwa na basi mwezi wa 10. Mwanangu aliniambia hilo tukiwa njiani kurudi. Sikusema kitu, nilimshika tu shingo kwa nyuma, na leo hakuusogeza mkono wangu.

Nimewapenda watu hawa kwa jambo hili moja: mechi ya mwisho wanaipa siku yake. Inajulikana tarehe, wazazi wanapanda ndege, bendi inapiga, na kijana anaingia akijua kwamba ndiyo basi. Mdogo wangu wa kiume hakupata hivyo. Jumamosi ya mwisho yetu Nyarugusu, 2016, alikuja asubuhi na jezi begani akasema, "Dada, leo njoo utuone." Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa nafunga mizigo, kuna karatasi za kufuatilia, jua likazama. Jumanne basi likatuchukua. Faili lake la kuhamia Marekani lilikuwa tofauti na letu, akabaki, na mwaka uliofuata mguu wake ukavunjika na haukuunga sawasawa. Nilikuwa na miaka yote ya kumwona akicheza, na siku ile niliona bado ipo nyingine.

Fomu bado iko mezani. Kesho nitampigia kocha wa shule nimuulize habari za vichwa: mtoto akigongwa nani anamtoa, na nani anaamua arudi. Anijibu kwa kueleweka.

Nimerudi. Niliacha kuandika nikampigia mdogo wangu. Huku saa tatu na nusu usiku, kule ni saa moja na nusu asubuhi ya kesho yake, nilimkuta anakoka moto. Tukasalimiana, nikauliza watoto, nikauliza mvua. Kisha nikamuuliza ile mechi ya Jumamosi, kabla hatujaondoka, walimalizaje.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Nilisikia jogoo.

"Mbili moja, dada. Walitufunga. Lile moja nilifunga mimi."

Nikamwambia anieleze alivyolifunga. Akaniambia ni hadithi ndefu. Nikamwambia nina muda. Akasogea kando na kelele za kuku, akaanza tangu mpira ulipotoka mikononi mwa kipa wao.