Pishi ya Mfuto

Bibi alifariki alfajiri ya Jumanne, na baada ya sala ya adhuhuri alikuwa keshazikwa. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nimeshika simu. Maiti haingoji boti. Sisi tuliohama Pemba tunalijua hilo tangu siku tunayofunga mizigo, ila hatulisemi. Kwa hiyo safari yangu ya mwezi wa 8 ilikuwa ya hitma ya arobaini, si ya maziko.

Kuvuka hadi Unguja sina la kueleza. Asubuhi ya pili, bandarini Malindi, mchukuzi alininyakua begi nikiwa bado nalipa teksi, akalibeba hatua kama ishirini, akataka elfu tano. Nikampa, kwa sababu boti ilikuwa inaondoka saa moja. Ikaondoka saa nne kasoro. Kiti nilichokatia tiketi kilikuwa na mtu na mwanawe, nikaenda kukaa nyuma karibu na injini, kwenye joto na harufu ya dizeli. Chupa ya maji humo ndani inauzwa mara mbili ya bei ya dukani. Niliudhika sana, nikajisemea kwamba hata kwenda kumlilia bibi yangu lazima nikamuliwe.

Tulipoiacha Nungwi, kusi likaanza kutuonyesha. Mkondo ule kila Mpemba anauogopa kimya kimya, zaidi tangu Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander na watu wetu wengi. Mazungumzo yalikatika, midomo ikawa inacheza dua. Mimi nilikuwa nimeinama, mfuko wa plastiki mkononi, jasho la baridi linanitoka.

Nikahisi naguswa bega. Mama mmoja mtu mzima sana, amevaa buibui la kizamani, alikuwa anafungua fundo la pembe ya kanga kwa meno. Ndani mna noti mbili zilizokunjwa na karafuu kama kumi.

"Tafuna mwanangu. Usimeze, tafuna tu."

Nikatafuna. Ulimi ukafa ganzi, na tumbo, sijui kwa karafuu au kwa huruma yake, likatulia. Nikamwamkia vizuri ndipo akaanza kunihoji, mwana wa nani, wa wapi, naendea nini. Nikamwambia Wete, ukiacha lami, kwa bibi fulani, na kwamba naenda kwenye arobaini yake.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Yule wa pishi ya mfuto?"

Sikujua anasema nini. Kwetu bibi alijulikana kwa ukali. Alihesabu kila kitu: nazi, vibuyu, watoto waliokwenda kuoga. Makonyo ya karafuu hakuruhusu yatupwe, kwa sababu nayo yanauzwa, hutolewa mafuta. Usiku wa msimu alitukalisha sote kuzunguka lundo, koroboi katikati. Unashika kikonyo, unakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka. Kidole gumba kinageuka cheusi, na hata kikisuguliwa kwa ndimu hakitakati mpaka msimu uishe. Ukisinzia, anakuita kwa jina la baba yako. Baba na ami zangu walimheshimu, lakini walikuwa wakisema kwamba mama yao angekuwa tajiri kama angeijua biashara.

Yule mama akanieleza. Alikuwa mdogo, skuli zimefungwa kwa ajili ya karafuu kama ilivyokuwa desturi miaka ile, naye akifuatana na mama yake mashamba ya watu. Mama anapanda na kuchuma, yeye chini anadondoa zilizoanguka. Jioni wachumaji wanapanga foleni kupimiwa, maana malipo ni kwa pishi, yaani kopo la vibaba vinne. Wenye mashamba wengi walipima pishi ya tele: karafuu zinajazwa mpaka zinapanda kilima juu ya kopo, na kilima chote hicho ni jasho la mchumaji lisilolipwa. Pishi tano za tele ukizipima sawasawa huenda zikapata sita.

"Bibi yako akijaza kopo, kisha anapitisha mkono hivi." Akanyoosha mkono wake, akaupitisha juu ya kopo ambalo halipo, taratibu, kutoka kwake kuelekea kwangu. "Zinazoanguka anakurudishia kwenye pakacha lako. Na mimi mtoto wa kudondoa, vibaba vyangu viwili, alinipimia vivyo hivyo. Hakunifanyia ya mtoto."

Alirudia ule mkono mara tatu au nne mpaka tunafika bandari ya Mkoani. Alinihadithia na mengine, ya ndoa yake, ya mwanawe aliyekwenda Mombasa asirudi, lakini kila baada ya muda mkono ulirudi juu ya kopo. Mimi nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. Miaka yangu yote nilimwona bibi akihesabu, nikadhani anahesabu chake.

Tulipoagana akaniomba neno moja. Yeye alikuwa anaishia Mkoani kwa binti yake, magoti hayamruhusu kufika Wete. "Ukifika kaburini nisomee Fatiha."

Teksi ya Mkoani hadi Wete waliitaka elfu themanini. Ni kama kilomita 60 tu! Nikapanda daladala mpaka Chake Chake, nikabadilisha, magoti yamegusa kidevu. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na baada ya Chake harufu ikaingia. Majamvi yalikuwa yameanikwa pembezoni mwa barabara, karafuu za kijani upande huu, nyekundu-kahawia upande ule, na watoto wanazigeuza kwa miguu. Watu huandika kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, ndiyo maana utajiri ukahamia huku. Huo utajiri umepita mikononi mwa wengi. Shamba la bibi lenyewe ni eka tatu walizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mikarafuu mingine ameipanda kwa mkono wake. Dar nanunua karafuu za pilau kwenye kipakiti, sijawahi hata siku moja kujiuliza nani alizipima.

Hitma ilisomwa vizuri, watu walijaa mpaka uani. Ami wawili walitoka Mombasa, mmoja alishindwa kutoka Muscat. Usiku, wageni walipopungua, nikamuuliza shangazi kopo la kupimia liko wapi. Akasema lilitoboka kitako zamani, sasa wanapima kwa mzani. Nikamweleza ya boti. Shangazi aliendelea kukunja mkeka, halafu akakaa juu yake.

"Babu yako walikosana naye kwa hilo," akasema. "Msimu mmoja mzima hawakusemezana. Babu anataka tele kama majirani, mama anasema mfuto. Sisi watoto tulijua wamepatana siku babu alipokwenda mwenyewe kupima, na tukamwona anafuta."

Alfajiri, kabla ya gari ya kunirudisha, nilikwenda kaburini peke yangu. Umande ulikuwa mwingi, kanzu ikalowa mpaka magotini. Nikasoma Fatiha yangu. Nilipotaka kusoma ya pili, nikagundua kwamba saa zote zile kwenye boti sikumuuliza yule mama jina lake. Nikachutama, nikasema, "Bibi, hii inatoka kwa mdondozi wako, uliyempimia vibaba viwili," nikasoma.