Kodi ya mshahara haiulizi una watoto wangapi

Wapo wanaodhani ukioa makato hupungua. Jedwali la PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) la Tanzania Bara halina safu ya ndoa wala watoto. Kila mtu hukatwa kivyake. Ukishatoa mchango wa hifadhi ya jamii, shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi, kisha asilimia 8 hadi 520,000, na juu ya hapo asilimia hupanda. Wawili wenye 520,000 kila mmoja hukatwa jumla 40,000. Mmoja mwenye 1,040,000 hukatwa 140,000. Ndiyo hivyo.

Kinachowaponza wengi hapa Kigoma ni dagaa: mke anauza mwaloni Kibirizi, TIN (namba ya mlipakodi) ni ya mume mwajiriwa, hivyo biashara huhesabiwa ya mume. Kodi ya makadirio kwa mauzo ni ya asiye na kipato kingine nje ya biashara. Mwenye mshahara haimhusu. Mama awe na TIN yake, na daftari la mauzo.