Korongo Nyuma ya Trekta

"Usifungue mlango," mjomba aliniambia, mkono wangu ukiwa tayari kwenye kitasa. "Ukishuka tu, wote wataruka."

Ilikuwa Februari 2018, nje kidogo ya Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Mashamba ya ngano ya huko ni meupe kabisa, hayana hata kichaka cha kujibanza. Mjomba, bwana shamba mstaafu, aliegesha pikapu kando ya barabara ya vumbi, akazima injini, akateremsha vioo. Ndege wa mashambani wamezoea magari na matrekta. Wanachokikimbia ni mtu anayetembea.

Trekta lilikuwa likilima, na nyuma yake wakifuata korongo weupe, kundi zima, wakidonoa funza na panzi waliofukuliwa na plau. Mmoja alitusogelea mno hata darubini nikaiweka mapajani. Vitabuni miguu yao ni myekundu. Ya huyu ilikuwa imepakwa chokaa.

"Anajinyea," mjomba akasema. "Kinyesi chao ni majimaji. Kikikauka mguuni, damu inapoa."

Nilifurahi kupita kiasi. Ndege aliyetoka Ulaya, na jua letu analimudu namna hiyo! Halafu nikaona, juu ya kiungo cha mguu, bangili nyeusi yenye maandishi meupe, ile ambayo watafiti huwavisha ndege ili kuwatambua. Nikanyakua darubini tena. Nilisoma herufi mbili za mwanzo, kisha akageuka kumfuata panzi, na zilizobaki zikaenda naye.

Dereva alipofika mwisho wa shamba alishuka, akaja dirishani kutusalimia. Korongo walio karibu wakaruka, wakatua mbali. Mjomba akamweleza safari yao: hawakatizi Bahari ya Mediterania, maana huelea kwa hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu, na baharini haipandi hivyo. Kwa hiyo huzunguka kupitia Uturuki na Sinai, wakaja kuufuata mto Nile kuelekea kusini.

"Kumbe wametoka mbali hivyo, mzee?" dereva akauliza. Alikuwa akiwaona kila mwaka wakati wa kulima, akadhani wanashuka tu kutoka mlimani. Akatuambia kwamba wakilikaribia plau sana yeye hupunguza mwendo, japo mwenye shamba humgombeza kwa kuchelewesha kazi na kuchoma dizeli bure.

"Endelea kupunguza," mjomba akamwambia. "Huyo mwenye shamba nitaongea naye mimi."