Titi limejaa gumu mtoto hashiki, hiki ndo kilichonisaidia
Jamani wamama, maziwa yalivyoanza kuingia kwa wingi titi lilijaa likawa gumu linang'aa, chuchu ikalala bapa, mtoto kila akishika anateleza analia. Kitambaa cha moto wapi, pampu ndo pakazidi kuvimba.

Kilichosaidia ni vidole tu, unaviweka kwenye weusi kuzunguka chuchu unakandamiza taratibu kuelekea kifuani, unashikilia hapohapo kama dakika 1 mpaka 3, usisugue. Weusi ukishalainika kama ile nyama laini ya chini ya sikio mpe saa hiyohiyo maana panajaa tena haraka, kidevu chake kiguse titi kwanza na mdomo uwe wazi kweli. Akashika, nikamsikia anameza! Akimaliza naweka kitambaa cha baridi.

Ukiona homa, nenda kliniki.