Siku niliyochagua dabo yangu ya kwanza

Ilikua mwezi wa sita 2011, baridi ya Iringa wenyewe mnaijua, ukungu umelala mpaka kwenye mabua ya mahindi. Mi na mjomba tukashuka kwenye kosta pale Ifunda saa moja na nusu asubuhi, yeye na koti lake la kijeshi la siku zote, mi na hela za misimu mitatu ya kazi ya uwindaji porini nimezifunga kwenye mfuko wa ndani wa jaketi na kila baada ya hatua chache nazigusa. Tulikua tunaenda kwa mzee mmoja wa Kigiriki, kazaliwa hapo hapo shambani kwenye tumbaku ya baba yake, macho yameanza kuchoka akaamua kuacha kuwinda na kuuza bunduki zake mbili za mitutu miwili, zile sisi wa porini tunaita dabo.

Niseme kwanza kwa nini nilikua naitaka. Msimu wa nyuma yake tulikua pori la akiba la Rungwa, mgeni aliyekuja kuwinda akamjeruhi mbogo jioni, na sheria ya kazi yetu ni kwamba aliyejeruhiwa lazima afuatwe, haachwi. Tukaingia vichakani, mjomba mbele anasoma damu na fimbo yake tu mkononi, mi nyuma yake na bunduki ya 375 (hiyo namba ni ukubwa wa risasi) ya bolti, ile ambayo kila ukipiga unavuta chuma kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Mbogo akatoka hatua kama kumi na mbili. Nikapiga, nikavuta bolti lakini kwa ile haraka sikuivuta mpaka mwisho, ganda likabaki ndani, risasi ya pili ikagoma kuingia. Mjomba akajitupa pembeni na yule mnyama akapita pale pale alipokua amesimama, akaenda kuanguka mbele kwa ile ile ya kwanza. Hakuumia mtu. Ila mi usiku ule sikulala, nilikua namsikia mjomba anakohoa kwenye hema lake na nawaza kwamba ile kikohozi ningeweza nisiisikie tena.

Dabo haina bolti. Ni kama bunduki mbili kwenye kitako kimoja, kila mtutu na triga yake na mtambo wake, unapiga wa kulia kwa triga ya mbele, kidole kinateleza nyuma kidogo unapiga wa kushoto, mkono hautoki mahali pake na jicho halitoki kwa mbogo.

Basi tumefika, wazee wakasalimiana Kihehe, kamwene, kamwene, chai ya maziwa ikaja, halafu mzee akatandika blanketi mezani akaziweka. Ya kwanza 500 ya Kijerumani, bado mpya mpya, ubavuni wamechora tembo mpaka mikunjo ya ngozi inaonekana, na ina ejekta, yaani ukiifungua maganda yanaruka yenyewe. Risasi yake greini 570, kama gramu 37. Ya pili 470 ya Birmingham, nzee, chuma kimefifia kama shilingi iliyokaa sana mfukoni, haina mchoro wowote, risasi greini 500, gramu 32 hivi, na maganda unayatoa kwa vidole. Moyo wangu ulishaenda kwa ile ya tembo kabla hata sijaigusa, na sikuona aibu, nilikua nimeiota miaka.

Mzee akazifungua. Akachomoa ule mbao wa mbele, akaning'iniza mitutu ya 470 kwenye kidole kimoja, akaigonga kwa kifundo cha mkono wa pili. Ikalia ngiiing, ndefu, kama kengele ya misheni. Akasema, "Kijana, ikilia kama chungu kilichopasuka usinunue, lehemu ya kuunganisha mitutu imeachia." Halafu akaigeuza chini akanionyesha maandishi madogo, 75 cordite, 500, ndio baruti na uzito wa risasi iliyopimiwa kiwandani. Hapo ndio nikaelewa kitu ambacho nilikua sikijui, kumbe ile mitutu haijalala sambamba, imeelekezana kidogo sana ili ya kulia na ya kushoto zikutane mahali pamoja kwenye mita 50 na kitu, na fundi anaipata kwa kupiga, anayeyusha lehemu, anasogeza kikabari, anapiga tena, mpaka zikae. Ukibadilisha nguvu ya risasi zinapishana au zinatawanyika. Mi nilikua nadhani dabo ni dabo tu.

"Funga macho," mjomba akaniambia. Ndio neno lake la kwanza toka chai. "Inua kama mbogo katoka. Fungua."

Na ile 500 nilipofungua macho nikaona chuma tupu, kishanga cha kulengea cha mbele kimezama kabisa nyuma ya V, ule mkato wa kulengea wa nyuma, kitako kirefu kimenishika kwapani. Mi sio mrefu na mikono yangu mifupi. Tukarudia mara tano, ile ile. Na 470 nikafungua macho nikakuta kishanga kimekaa katikati ya V kinanisubiri, hata mara ya kwanza.

Tukaenda kupiga, boksi la sabuni tumelipigilia kwenye mti wa muwati, hatua 50. Ile 500 ya kwanza ikaingia vizuri ila teke lake lilinisukuma nyuma, mpaka nimejipanga tena na kupiga ya pili ni muda ambao mbogo ameshafika, na tundu likawa shubiri nzima juu ya lenzake. 470 nikapiga pu, pu. Matundu mawili mjomba akayafunika kwa vidole vitatu.

Bado nikairudia kuiangalia ile ya tembo. Mjomba akaona. Akaifungua tupu, ejekta zikagonga ting. "Mjomba, hii inamwambia mbogo ulipo. Na risasi za 500 ukiishiwa kambini utamwomba nani? 470 kila mwindaji bingwa anazo." Kuhusu ejekta najua wapo wenzangu wanaobisha, wanasema ni kasi ya kujaza, ila mi nilikua nimeshamwona mjomba akijitupa vichakani kwa ajili ya bolti yangu.

Nikalipa ya 470. Sikuondoka nayo, kibali cha polisi kilichukua wiki kadhaa, ikabaki kwenye sefu ya mzee. Mjomba alichukua kamba akapima kitako chake, na tuliporudi Kihesa akachonga gogo la muwati urefu ule ule. Kila jioni nilisimama uani, nafunga macho, nainua, nafungua, kidole mbele, kidole nyuma, na watoto wa jirani wamekaa juu ya tofali wananihesabia, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mama yao anawaita wakale.