Kioo Kilichogoma Kushuka

Alhamisi moja ya Mfungo Sita, mwaka 2006, kioo cha kamera yangu kilipanda kikagoma kushuka. Nilikuwa chumbani kwetu Majengo, Pumwani, nimeielekeza dirishani kupima mwanga, maana Jumamosi nilikuwa na harusi. Nikafyatua. Mlio nilioujua kwa miaka ulikuja nusu: mpigo wa kwanza ulisikika, wa pili haukuja, na jicho langu likabaki gizani. Nilipokwisha kukata tamaa kioo kikajibandua, kikashuka kwa uvivu. Nikafyatua tena, yakawa yale yale.

Asiyewahi kushika kamera ya filamu ya aina hii huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Ndani yake mna kioo kilicholala kwa mshazari nyuma ya lenzi, na hicho ndicho kinachokuletea picha jichoni. Ukibonyeza kitufe, kioo kinapisha, shata, yaani pazia linalozuia mwanga usifike kwenye filamu, inafunguka na kufunga, kisha kioo kinarudi, yote hayo kabla hujapepesa. Kisiporudi, umefungwa macho kazini, na bibi harusi hakungoji.

Ilikuwa Nikon FM2, nyeusi, ile yenye herufi N mbele ya namba iliyochorwa mgongoni. FM2 ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Yangu ni ya toleo lililoifuata muda mfupi baadaye. Niliinunua mwaka 1994 kwa mpiga picha wa gazeti aliyekuwa anaacha kazi kurudi kwao, nikamlipa kidogo kidogo. Rangi ilikuwa imeshachubuka pembeni na shaba yake inang'aa kwa manjano pale vidole vyake vilipozoea kushika. Baadaye vyangu vikaongeza. Bila lenzi ina uzito wa nusu kilo na kitu, na uzito huo umekaa mahali pake: ukiinyanyua haielemei mbele wala nyuma, inatulia kiganjani.

Nilipenda kila kitu chake. Nilipenda wenzo wa kuvutia filamu, ulivyokwenda bila kukwaruza, ukafika mwisho na kukuambia kwa kidole gumba kwamba umefika. Nilipenda kwamba betri zake mbili ndogo za vifungo zilikuwa za kipimo cha mwanga tu. Zikiisha katikati ya shughuli, kasi zote bado zipo, kuanzia sekunde moja hadi 1/4000, kwa sababu kazi yote inafanywa na springi na gia. Stima zimenipotelea kwenye harusi nyingi za Pumwani, nami nikaendelea na kazi kwa taa ya karabai.

Lakini zaidi nilipenda kwamba haikuniamulia. Harusi zetu nilizokuwa nikiitwa ni za upande wa kina mama: siku ya hina, siku ya kupamba, ndani ambako mwanamume haingii. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, leso zinameremeta, dhahabu shingoni, na katikati ya hayo yote uso wa msichana mweusi kama mimi. Kamera inayojipimia yenyewe huona ule weupe, ikadhani kuna mwanga mwingi, ikaupunguza, na uso ukatoka kiza. Nimeona albamu nzima za namna hiyo, harusi ya mtu imeharibika na hakuna wa kuirudia. FM2 ina duara katikati ya kioo cha kutazamia, na sehemu kubwa ya kipimo hutoka humo. Nilikuwa nikisogea hadi duara lijae uso wa bibi harusi, nasoma alama nyekundu za kujumlisha, sufuri na kutoa, napanga, kisha narudi nyuma na kupiga. Nikishapanga, hakuna kinachobadilika hadi nibadilishe mimi.

Basi siku ile niliifunga kwenye leso, nikaitia ndani ya kiondo, nikavaa buibui langu na kushuka mjini kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na Gikomba palikuwa tope tupu. Nilipopita Kamukunji mafundi wa jua kali wameshaanza kugonga mabati, masanduku ya wanafunzi yamepangwa barabarani. Nilikuwa nimeukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mwenzangu mmoja wa kazi alikuwa amenielekeza kwa mzee mmoja fundi wa kamera, orofani, nyuma ya River Road.

Chumba chenyewe walikigawana watu watatu. Mlangoni kijana wa kuuza simu na kamera ndogo za digitali, kando yake mama wa vitambaa, na mwisho kabisa, chini ya dirisha, mzee na meza yake. Rafuni mlijaa kamera zilizokufa: Pentax K1000, Zenit za Warusi, Yashica, zimetolewa lenzi, zimekuwa akiba ya vipuri. Nikamwamkia, nikampa ile leso bila kusema neno.

Alifungua mafundo, akaitazama pande zote, akavuta wenzo, akafyatua, akasikiliza. Akatoa lenzi. Halafu akachukua njiti ya kiberiti na kugusa ndani, juu kabisa, pale kioo kinapogota kikipanda. Njiti ikatoka na weusi unaonata.

"Chuma haina shida," akasema. "Ni hii sponji. Imeyeyuka. Kioo inapanda, inashikwa na gundi."

Akanieleza kwamba kamera zote za miaka ile zina ukanda wa sponji pale juu ili kioo kisigonge chuma, na nyingine kwenye mifereji ya mlango wa nyuma ili mwanga usiingie. Sponji hiyo huoza yenyewe baada ya miaka, hata kamera ikikaa kabatini. Hatari yake kubwa ni pale vipande vinapodondokea shata. Vikishanata huko, shata inapoteza kasi yake.

"Umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu tisini na nne, mzee."

"Na hakuna mtu ameifungua. Angalia hizi skrubu."

Nikainama. Vichwa vya skrubu vilikuwa safi, misalaba yake mikali kama siku ilipotoka kiwandani. Akaniambia kamera nyingi humfikia zikiwa zimetafunwa, kwa sababu skrubu za Japani zina msalaba wao, na bisibisi ya kawaida ya nyota haikai sawa. Inateleza na kumenya kichwa. Yeye alikuwa amejinolea ncha zake mwenyewe kwa tupa. Nikamwomba nikae nitazame. Akanisogezea stuli.

Akasafisha ile sponji kwa spiriti na pamba, kidogo kidogo, ameshika kibano kwa mkono usiotetemeka kabisa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Kijana wa simu alikuja kusimama nyuma yetu, akaniuliza kwa adabu kama nimesikia habari: Januari ile Nikon walikuwa wametangaza kwamba wanaacha kutengeneza karibu kamera zao zote za filamu, wakabakiza mbili tu, F6 na FM10. Nilikuwa nimesikia. FM2 yenyewe ilikuwa imeshakoma tangu 2001. Akaniambia kama nataka, anichukulie hii kwa wateja wake wazungu wanaozikusanya, anipe digitali mpya na pesa juu. Alitaja kiasi. Kilikuwa kiasi cha maana kwangu wakati ule. Nilikuwa na karo ya mdogo wangu shingoni, na wateja walishaanza kuniuliza kwa nini hawawezi kuona picha papo hapo.

Sikumjibu mara moja, kwa sababu wakati ule ule mzee alikuwa amegeuza kamera na kutoa kibao cha chini.

Sijui nilitarajia kuona nini. Nilichoona ni gia ndogo zilizokaa zimeshikana meno, mikono ya chuma iliyopinda kwa pembe zake, springi nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na kila kipande kimelainishwa ukingo wake. Hapakuwa na kilichoachwa kwa haraka. Mzee akaniambia, "Vuta wenzo, pole pole." Nikavuta, na vyote vikaanza kwenda: gia hii inaisukuma ile, ile inaubeba mkono, mkono unavuta springi, hadi pakasikika mlio mdogo, pakatulia. Kumbe kile nilichokuwa nikikisikia kwa kidole gumba miaka yote ndicho hiki.

Mama yangu alikuwa akishona kofia za vito. Mnunuzi anayejua kofia hatazami nje kwanza. Anaipindua, anatazama ndani, kwa kuwa nje kila mtu hupendezesha. Nilipoona tumbo la kamera ile nilimkumbuka akiwa barazani na sindano yake, akifumua tundu ambalo hakuna mvaaji angeliona, alishone upya. Mtu fulani Japani, nisiyejua jina lake wala sura yake, alikuwa amekifanyia hivyo kitu hiki, akakifunika kwa kibao na skrubu, akijua pengine hakitafunguliwa kamwe. Machozi yalinijia. Sikuyaficha, na mzee hakuuliza. Alingoja nijifute, kisha akaniambia nivute tena.

Akanionyesha na shata, kwa mlango wa nyuma. Ni vipande vyembamba vya titani, vimechorwa mistari ya sega la nyuki ili viwe vyepesi bila kupoteza nguvu. "Usiguse na kidole, hata siku moja," akanionya. Akanieleza kwamba kwenye kasi kubwa shata haifunguki yote: pazia la kwanza linashuka, la pili linalifuata kabla halijafika mwisho, na mbele ya filamu unapita ufa mwembamba tu wa mwanga. Ndiyo maana flashi ina mpaka wake, kasi ya 1/250, ile 250 iliyoandikwa kwa nyekundu; ukizidi hapo, flashi inawaka wakati shata haiko wazi yote, na picha inatoka na upande mweusi. Mimi nilijua kanuni, sikujua sababu. Mzee akaongeza kwamba FM2 ndiyo iliyotangulia kufika 1/4000, na kwamba hata yeye, na umri wake wote mezani pale, bado anashangaa kwamba wameifikisha kwa springi.

Kwenye kona alikuwa na televisheni ya zamani, ya kioo kinene. Akaiwasha, akafungua mlango wa kamera, akatazama kupitia shata akifyatua kasi moja baada ya nyingine, akilinganisha ufito wa mwanga unaobaki jichoni. Alipofika mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakata vipande vya mahameli nyeusi, akavibandika pale sponji ilipokuwa. Kabla ya kurudisha kibao cha chini alichukua penseli, akaandika tarehe kwa ndani, kwa herufi ndogo sana.

"Atakayefungua siku nyingine ajue ilifika hapa."

Nikamgeukia yule kijana, nikamwambia haiuzwi. Nilimwambia kwa upole, kwa kuwa naye alikuwa akitafuta riziki. Akauliza, hata mwakani? Nikamwambia hata mwakani. Mzee alitaka shilingi mia nane. Nikampa elfu, na nilipokataa chenji aliifunga kamera kwenye leso yangu mwenyewe, fundo juu ya fundo, kama alivyoikuta.

Jumamosi kamera ilifanya kazi kutwa. Bibi harusi alikuwa binti wa jirani zetu, na mama yake alikuwa na hofu moja kubwa: simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuingia mjini, na picha za ndani za binti wa watu zilikuwa zimeonekana mahali zisipostahili. Alisimama mlangoni mwenyewe akikusanya simu za wageni ndani ya sufuria. Mimi aliniruhusu. Nikapiga hina ikikauka viganjani, kwa mwanga wa dirisha peke yake, kasi ya 1/30, nimebana pumzi na viwiko mbavuni. Nikampiga picha somo, yaani kungwi wake, akimnong'oneza bibi harusi, na bibi harusi anajizuia kucheka. Kila mara kioo kilipanda kikashuka, na mpigo wa pili ukaja mahali pake.

Filamu zilioshwa Eastleigh, kwa mama mmoja mwenye mashine ambaye za kwangu alikuwa akiziosha kwa mkono wake, hamwachii kijana wake. Jumatano nikampelekea mama wa bibi harusi picha pamoja na nega zote. Akazishika nega moja moja kwenye balbu, akahesabu, akahakikisha hakuna kilichobaki kwangu. Nyuso zilikuwa zimetoka sawa, rangi yao yenyewe, na chokaa ya ukutani bado nyeupe. Alikaa sana na ile ya viganja.

Kisha akatazama kamera iliyokuwa mapajani mwangu. "Nina mwengine wa kuozesha mwakani, inshallah," akasema. "Uje na hiyo hiyo."

"Nitakuja nayo," nikamwambia.