"Nimeiloweka"

Jana zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu. Nimepanda kitandani saa sita usiku, vidole vimejikunyata kwa maji, nimenuna.

Hapa tunapoishi kila kaya ina nyumba yake na jiko lake, ila mara tatu kwa wiki tunakula wote kwenye jengo la pamoja. Mtindo huu asili yake ni Denmark. Wenyeji wa Sættedammen, makazi ya huko yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii, walihamia kwenye nyumba zao mwaka 1972. Wageni wakija husifia ile meza ndefu na watoto wanaokimbizana chini yake. Sinki halijasifiwa hata siku moja.

Sheria yetu ni fupi: aliyepika haoshi. Wanaobaki wanapangiwa zamu, wanne wanne. Ukiisoma ratiba ukutani ni haki tupu. Usiku ukifika, mmoja anafuta meza (kazi tamu, unaifanya huku unapiga soga), wa pili anapanga sahani kwenye mashine, wa tatu mtoto wake amesinzia na inabidi ambebe. Sahani na bilauri zinaisha upesi. Zinabaki sufuria kubwa ambazo mashine haiziwezi, na hapo ndipo mtu anamimina maji juu ya ukoko, anatamka neno moja, "nimeiloweka," kisha anatafuta viatu vyake. Kuloweka ni kutegea kwa heshima. Hakuna wa kukulaumu, maana sufuria si chafu, iko njiani kuwa safi.

Mwezi uliopita tulijaribu kitu kwenye kikao. Kila mmoja wa kikundi chetu cha zamu aliandika kwa siri kwenye kikaratasi anadhani anafanya asilimia ngapi ya usafi. Tulipojumlisha, tuliipita mia kwa mbali, tukacheka. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wawili wa saikolojia, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwahi kuwauliza wanandoa maswali ya aina hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 1979: kwa kazi nyingi za nyumbani, hesabu za mume na mke zikiunganishwa zinazidi mia. Sababu mojawapo ni kwamba jasho lako unalikumbuka, la mwenzio hukuwapo kuliona. Nilifurahi sana kusoma hayo. Nikawafikiria wenzangu wote, mmoja mmoja.

Basi jana nimebaki peke yangu. Sinki halipitishi maji. Kuna mtu alimwaga mafuta na kuyasindikiza kwa maji ya moto. Pale juu yanateleza vizuri, huko chini bomba lilipo baridi yanaganda. Nimezibua. Nimetoa kichujio na makombo yake, nimekamua vitambaa na kuvianika, nimepiga deki. Kila hatua nilikuwa natunga hotuba ya kikao kijacho. Hotuba kali, yenye mifano, bila kutaja majina ila kila mtu angejijua.

Kisha nikafungua kabati la chini kutafuta ndoo, nikakuta sufuria imefunikwa. Maji yake yameshaanza kunuka. Nani huyu sasa, analoweka mpaka kabatini! Nilikuwa nimeshaishika mpini nilipokumbuka. Jumamosi. Simu yangu iliita, nikasema narudi sasa hivi, nikaisukuma humo ili isimkwaze mtu.

Nimeibandika jikoni na maji mapya. Dakika 10 za kuchemka zimefanya ambacho siku mbili za kulowa hazikukifanya. Ukoko ulianza kubanduka kwa mwiko wa mbao, vipande vizima. Nikiwa katikati ya kukwangua, mzee wa nyumba ya pembeni akaingia kutafuta miwani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado tu, mwanangu?" Akachungulia ndani ya sufuria. "Ile ya Jumamosi?"

Nikamwambia ndiyo.

Miwani aliiona pale pale mezani. Hakuondoka. Alichukua kitambaa kimojawapo nilichokwisha kukianika, akasimama upande wangu wa kushoto, akasubiri nisuuze.